Vidonge vya Dada Havigawiwi

Dada yangu ni fundi cherehani, na gauni lake likikukaa vibaya, ujue umenenepa wewe. Lakini tangu usichana ana ugonjwa ambao ukweni kwake waliuita ulafi. Akibaki peke yake jikoni hula mkate mzima, wali uliolala, sukari kwa kijiko. Hana njaa, hasikii ladha, anakula tu mpaka tumbo linamuuma. Kisha analia. Mlafi gani huyo anayelia akishiba, jamani?

Daktari alimwambia ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Akampa vidonge wanavyopewa watu wenye sonona, maana kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza ile hamu isiyozuilika. Anywe kila siku, asiache ghafla. Mama mkwe alipouliza ni dawa ya nini, dada kwa upole wake akasema kweli.

"Kumbe tumeoa mwendawazimu!"

Wifi yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi si uulize? Hawakuuliza.

Dada akavumilia, akanywa dawa. Taratibu hamu ikapungua. Siku moja aliniita jikoni kunionyesha mkate uliobaki.

"Nimekula vipande viwili nikaacha. Umeona, mdogo wangu? Nimeacha!"

Sasa sikia vituko. Nyumba ile dawa zote hukaa kwenye kopo moja juu ya kabati, kila mtu anachota kama chumvi. Mama mkwe akikosa usingizi, kimoja. Wifi kaachwa na mchumba, viwili. "Si dawa ya mawazo? Hata sisi tuna mawazo!" Wale wale waliomwita mwendawazimu! Kopo likabaki tupu, na dada, kwa kuona haya, hakumwambia mtu. Nilimkuta sakafuni karibu na cherehani, kichwa kinamzunguka, mifuko mitupu ya mikate imemzunguka, analia.

Nilimpeleka kwa daktari, akapewa vingine. Kutoka pale tukaenda moja kwa moja ukweni kwake, na hodi sikupiga. Niliwasema mpaka sauti ikakauka.

Mama mkwe akashangaa kweli kweli. "Kelele zote hizi za vidonge tu? Mwanangu, nyumba hii hatunyimani."

Nikafungua mdomo, dada akanishika mkono. Hakupaza sauti.

"Aibu mliniachia peke yangu, mama. Dawa ndiyo mkagawana?"