Jino Langu Katika Sahani ya Posa

Mwaka wa sabini na tatu, nikiwa na miaka kumi na minne na baba keshafariki, nilitoka Unguja na kanzu moja nikaja Ibra, huku Oman, kubeba matofali, na tangu hapo sijamwachia mtu anambie la kufanya, na ndiko ilikotoka aibu hii ninayokuhadithieni (chekeni tu, miye nishacheka).

Daktari aliniambia nina presha, akanipa vidonge. Fizi nazo zilikuwa zikitoka damu kila nikisugua meno. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini hesabu nikaipiga mwenyewe: presha ni damu kuzidi, na huku mtu damu ikimzidi huenda kupigwa chuku, yaani kuumikwa kwa pembe, itolewe, basi fizi zangu zinanipiga chuku bure. Vidonge nikavitia kabatini, nikawa nasugua fizi kwa mswaki wa mti mpaka mate yawe mekundu. Mke wangu, Bi Zuwena, akanambia, "Baba Salim, mdomo unanuka na kichwa kinakuuma kila siku. Nenda kaonyeshe." Nikamjibu kwamba nyumba anayolala imejengwa na kichwa hichi hichi.

Ikafika siku ya kwenda Nizwa kumposea mjukuu wangu Harith, na msemaji ni miye, nani mwengine. Majlisi imejaa wazee, sahani moja ya halwa katikati, kila mtu anachota kwa vidole. Nikachota, nikauma, nikaanza, "Tumekuja kwenu kuomba," na jino la mbele (lilikuwa likicheza siku nyingi, nikalidharau) likanasa kwenye halwa, likatoka, likaanguka sahanini, damu ikanishuka ndevuni mpaka kifuani na haikati. Mikono yote ikarudi nyuma. Harith alitazama zulia tu.

Babu wa binti, Sheikh Nassor, aliagiza mashine yake ya presha, akanifunga mkono pale pale mbele ya watu: mia na tisini kwa mia na kumi.

"Vidonge humezi?"

Nikamweleza habari ya chuku. Majlisi nzima ikavunjika mbavu, yeye hakucheka.

"Binti tumempa kijana wako," akasema. "Lakini ndoa haifungwi mpaka wewe upone. Sitaki arusi igeuke matanga."

Basi Harith akawa ananipeleka kwa daktari wa meno, miezi minne. Daktari mwenyewe binti mdogo. "Babu," akanambia, "fizi zikiugua, ugonjwa hauishii mdomoni, hata presha huwa ngumu kushuka. Ile damu ni maradhi, si dawa. Na vidonge vya presha usiache, na kila daktari wa meno mwambie unavimeza." Nikasema, "Sawa, mwanangu." Neno hilo lilinitoka kwa tabu kuliko jino.

Ndoa imefungwa. Udaktari nimewaachia wenyewe, wallahi sirejei. Leo nina nyumba mbili Ibra, duka la saruji na mabati, mitende arobaini, meno kumi na tisa, na mjukuu mwenye mke, anayenipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama nimemeza.