Uzito wa Mtoto Aliyetangulia

Dada yangu tunamwita Haketi, na jina hilo halikumwonea. Kazi yake ni kuandika draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na chombo kilichochomekwa kwa waya wa USB, na huziandika akiwa amesimama. Draiva ya mzani wa watoto wachanga katika wodi ninamouguza aliiandika yeye. Nilikuwa nikijisifia sana.

Jumanne nilimpima mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mikononi alikuwa mwepesi kama taulo kavu, lakini kompyuta ikaandika kilo tatu na nusu. Huo ulikuwa uzito wa mtoto aliyetangulia, na dawa tunazitoa kwa uzito. Niliporudia ikaandika moja na nusu. Nikampigia dada, naye akasema mzani wetu mbovu, kwani kwake draiva ilijaribiwa mara elfu bila kosa. Nyani haoni kundule. Nilimkatia simu.

Adhuhuri hiyo hiyo akatokea wodini, akaizunguka meza yangu mpaka nikapata kizunguzungu. Alijaribu tena na tena kwenye kompyuta yetu, ambayo ni kuukuu na ya polepole, tofauti na yake. Halafu akaketi. Nilipomwona ameketi, niliogopa.

Alinieleza kwamba draiva ikiuliza uzito hutenga nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya kupokelea jibu, na nafasi hiyo haipaswi kuachiwa mpaka jibu lifike. Yeye, kwa haraka zake, alitumia nafasi ya muda. Jibu likichelewa, draiva iliacha kungoja, nafasi ile ile ikapewa mtoto anayefuata, na jibu la zamani likaangukia humo. Kando ya mstari huo wa programu alikuwa ameandika, miaka miwili nyuma: "Ya muda. Nitarekebisha."

"Wangapi wamepimwa hivi?" nikamuuliza.

"Sijui, mdogo wangu."

Mficha uchi hazai; alikwenda mwenyewe kwa daktari akasema yote. Tukawapima upya watoto kumi na mmoja waliokuwa wodini kwa mzani wa zamani wa mshale, na uzito wa wote ukalingana na ulioandikwa. Waliokwisha kurudi kwao, miaka miwili yote ile, hatukuwa na la kuwafanyia ila kuanza kuwatafuta.

Kurekebisha kulimchukua dakika ishirini. Draiva haijakosea tena. Hata hivyo, kila nikiwa zamu hunipigia simu, nasikia nyayo zake zikienda na kurudi sakafuni, na swali lake kuhusu mtoto niliyempima ni moja tu.

"Ulimbeba kwanza?"