Nanasi, Ukwaju na Saumu Yangu

Maganda ya nanasi yakichemka na tangawizi, harufu yake hunirudisha jikoni kwa Bibi, mtaani Kasingirima, karibu na ziwa, miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakishushwa bandarini kila siku, nasi tukazoea. Nasema tukazoea kwa kuwa sina neno jingine.

Nilikuwa na miaka tisa, na hiyo ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza kufunga kutwa nzima. Kila aliyepita uani kwetu alitangaziwa habari hiyo, hata kama hakuuliza.

Siku moja Bibi alirudi kutoka bandarini na watoto wawili: Kaneza, aliyenizidi kimo kidogo, na mdogo wake wa kiume, midomo imempasuka kwa kiu. Walikuwa wamelala siku tatu ufukweni Kagunga, kule mpakani, wakisubiri boti. Mama yao alibaki kwenye foleni ya kuandikishwa. Muuguzi alimwambia Bibi jambo moja tu: wanywe, hasa huyu mdogo.

Bibi aliingia kusali, akaniachia kazi. Nikachuja maji ya maganda yaliyokwisha poa, nikakamulia ukwaju uliolowekwa, nikatia sukari na chumvi kidogo, nikajaza kikombe cha bati.

Kaneza akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Banza wewe." Yaani, anza wewe.

"Nimefunga."

Mdogo wake akanyoosha mkono. Kaneza akaushika, akaushusha.

"Kunyweni bwana, tamu hiyo!"

Kaneza hakukigusa. Nikaona ana maringo. Mkimbizi, na bado anachagua!

Bibi alipotoka alikuta kikombe kimejaa, inzi wanakizunguka. "Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu," akaniambia. "Na hawa wametoka walikotoka. Onja, Zuhura."

"Bibi, saumu yangu!"

"Haya, mama, malaika wasije wakakulilia."

Akakinyanyua, akapiga mafunda mawili, saa nane mchana, akameza. Ndipo yule mtoto akanywa, vikombe vitatu, bila kupumua.

Leo, na shahada zangu, naweza kuwaambia kwamba aliyefunga anaruhusiwa kuonja na kutema. Bibi alilijua hilo kabla sijazaliwa. Lakini nani ateme mbele ya mgeni anayeogopa sumu? Mimi nilichoona ni kwamba Bibi kala mchana. Kesho yake nilimshtaki kwa mwalimu wa madrasa. Bibi aliilipa siku yake baada ya Idd, bila kunitajia.

Mchana ule ule, kikombe cha nne Kaneza alikijaza mwenyewe. Akaonja, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikamwambia tena kwamba nimefunga. Akakiweka chini taratibu, akaenda kukaa karibu na mlango.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akinikaribisha, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Siku ile sikuwaza lolote. Magharibi nilifungua kwa tende tatu, na kila mtu akanipongeza.