Mende Mwenye Maringo

Nimekosana na mama yangu mzazi kwa sababu ya mende. Na mende mwenyewe hata hakuwa hai. Nilimtengeneza mimi kwenye kompyuta.

Kazi yangu ni katuni za matangazo. Ukiona jino linalia au sabuni inacheza kwenye runinga, jua kuna mtu kama mimi macho yanamwuma.

Safari hii ilikuwa dawa ya kuua wadudu. Mteja akamtazama mende wangu, akasonya.

"Huyu anateleza tu. Nataka mende mwenye maringo! Anayeingia jikoni kama kodi analipa yeye."

Sasa, mwendo hautungwi kichwani. Unatafuta video ya mtu anatembea, unamfuata hatua kwa hatua. Nikapekua simu yangu, na nani alikuwa humo? Mama mkwe mtarajiwa, akiingia ukumbini kwenye harusi ya mpwa wake. Kidevu juu, mkoba kwapani, bega la kushoto limetangulia kama linasukuma mlango.

Nikamnakili mzima mzima. Mteja alicheka akashika mbavu. Nami nikajiona fundi, mjinga mimi.

Tangazo likaanza kurushwa wiki ileile familia zetu zilipokutana kwao mchumba wangu kupanga tarehe ya ndoa. Runinga iliachwa inanguruma, maana kuna watu hawawezi kujadili jambo zito bila kelele.

Mende akatokea. Kidevu juu, bega mbele.

Mchumba wangu akanifinya paja. Shemeji akapaliwa na soda. Baba mkwe, mtu mwenye busara zake, akaanza kusoma maandishi ya chupa ya maji.

"Mende huyu namjua," mama mkwe akasema taratibu. "Nani kamtengeneza?"

"Mimi, mama." Nilijua ndoa ndiyo hiyo imekwenda.

Akaangua kicheko. "Kumbe mchokozi hivi! Huyu ni mama yako kabisa!"

Mama yangu akaweka kikombe chini. "Mimi?"

"Wewe hasa, dada yangu! Ngoja nikuonyeshe unavyotembea."

Akainuka, akatia mkoba kwapani, akaikata sebule nzima kwa mwendo wake mwenyewe.

Baba mkwe akaigeuza chupa, akasoma upande wa pili.

Tarehe ikapangwa palepale. Mama mkwe alisema kijana mcheshi hivyo hawezi kumtesa binti yake. Mama yangu aliondoka kabla ya chakula, na mpaka leo akinipigia simu huanza hivi: "Ni mimi, mende wako."

Inaniuma. Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, lakini sentensi hiyo ikimfikia mama mkwe, nitatafuta pa kulala. Kwa hiyo nimenyamaza kama mume mwema.

Somo kwenu mnaotaka kuingia fani hii: mchore yeyote umtakaye, hatajitambua. Atamtambua mwenzake.

Ndiyo maana haya nayaandika hadharani, bila kutaja jina la mtu, na bila wasiwasi. Mama mkwe atayasoma, atacheka mpaka machozi, kisha atamtumia mama yangu ajisome. Nami hicho ndicho ninachoombea.