Goti Lililonigomea Majini

Mara ya kwanza goti la kulia kunigomea nilikuwa chooni. Nilichuchumaa kama nilivyochuchumaa maisha yangu yote, nikamaliza, nikataka kuinuka, goti likakataa. Nikashika ukuta wa udongo, ukabanduka mkononi. Nje jirani yangu alikuwa akifagia uwanja na kuimba wimbo wa kanisani. Ningemwita angekuja mara moja, na kabla jua halijapanda ufukwe mzima wa Nchelenge, huku upande wa Zambia, ungejua kwamba yule Mkongomani mwenye mdomo ametolewa chooni kwa kuvutwa mikono. Nilikaa mle mpaka jasho likanilowesha mgongo, kisha nikatoka nikijivuta kwa makalio.

Sikuogopa maumivu. Nimezaa watoto watano, na ziwa hili nimelivuka katika mvua kwenye mtumbwi unaovuja. Niliogopa mkeka. Mama yangu, ng'ambo ya Kongo, miguu ilimwisha akiwa na umri kama wangu wa sasa, wakamtandikia mkeka mlangoni. Asubuhi alisogezwa kivulini, jua likigeuka alisogezwa tena, na alipotaka kujisaidia alingoja mtu amkumbuke. Alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la mihogo kichwani huku anatukana njia nzima. Kwenye mkeka aliacha kutukana. Alianza kusema asante kwa kila kitu, hata kwa kikombe cha maji, na ile asante yake ndiyo niliyoiogopa.

Kazi yangu ni chisense, vile visamaki vyembamba ambavyo wavuvi huvivua kwa taa na kuvileta alfajiri. Tunavinunua vibichi, tunavianika mchangani, tunaviuza vikavu kwa magunia kwa wenye malori. Sheria ya ufukwe wetu haijaandikwa popote, lakini hakuna anayeivunja. Boti ikikaribia, sisi wanunuzi tunaingia majini kuilaki, maji yakitufika kiunoni, na anayetangulia kuweka beseni lake ndani ya boti ndiye anayechota kwanza. Beseni lazima lifuatane na mwenyewe. Huruhusiwi kumtuma mtu wala kurusha beseni kutoka nchi kavu. Ukiwa mchangani wewe si mnunuzi, wewe ni mtazamaji. Wa mwisho huambulia samaki waliopondwa na miguu ya wavuvi, nao hao hawakauki vizuri, wananuka.

Kwa miaka mingi beseni langu lilikuwa la kwanza au la pili. Halafu likawa la nne. Halafu wakaanza kunipita hata wale niliowafundisha mimi kazi. Niliwatania kwamba wanakimbilia maji kama wanakwenda kubatizwa, nao walicheka, nami nilicheka, lakini roho ilikuwa juu. Nyumbani nina wajukuu wawili wanaonitegemea mimi tu.

Na kuingia majini kulikuwa nusu ya taabu. Samaki wakishanunuliwa, unachuchumaa kuwatandaza, unachuchumaa kuwageuza, unachuchumaa kuwapepeta mchanga. Zamani nilianika mikeka mitatu kwa asubuhi moja. Sasa nilikuwa naanika mmoja, wa pili nikiufikia jua limeshakuwa kali na samaki wameanza kulainika. Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, niliukunja mguu na kuunyoosha, kuukunja na kuunyoosha, kama mtu anayebembeleza baiskeli yenye kutu. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma ili nisionekane nimebaki nimeketi wenzangu wakipiga magoti.

Nilikwenda kliniki kimyakimya. Daktari, kijana mpole, alilibonyeza goti, akalikunja, akaniambia gegedo linalokaa kati ya mifupa limelika, na likishalika halioti tena. Akanipa vidonge vya maumivu, akaniambia nivile baada ya chakula, nitembee kidogo kila siku, nipunguze mwili, niache kubeba mizigo mizito, niache kuchuchumaa. Nilimtazama. Alikuwa ametaja kazi yangu yote. Nikamuuliza kama huu ugonjwa unaua. Akatabasamu, akasema hapana mama, hauui, utazeeka nao. Alidhani ananifariji. Nilirudi nyumbani nikiona mkeka ule mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichoniponza. Ndani ya maji goti haliumi. Maji yakinifika tumboni, uzito wote ulikuwa unaondoka, nikasimama kama msichana. Basi nikajifanya mjanja. Nikaanza kuja mapema kuliko wote, naingia polepole wakati hakuna wa kunitazama nikichechemea, nakwenda mbali hadi maji yanifike kifuani, nangoja boti hukohuko. Wenzangu walipofika walinikuta nimeshasimama. Beseni langu likarudi kuwa la kwanza. Kila mwenyeji wa ziwa hili la Mweru anajua kwamba mtu hasimami peke yake kwenye maji ya kifua, karibu na matete, kabla hakujapambazuka sawasawa. Mimi pia nilijua. Lakini mkeka niliuogopa kuliko mamba.

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu na maji yalikuwa ya baridi sana. Wanawake wenzangu walikuwa wameingia, wamesimama nyuma yangu, maji yakiwafika mapajani. Boti ilikuwa inakuja. Ghafla mmoja akapiga yowe.

"Ing'wena! Ing'wena, bamayo!"

Mamba. Nikageuza kichwa, nikamwona. Macho mawili na pua juu ya maji, kutoka upande wa matete, umbali wa kama boti mbili. Nyuma yangu wote walitoka mguu niponye, maji yakiruka, mabeseni yakielea. Mimi nikauinua mguu, mguu ukabaki. Goti lilikuwa limekaza kama kitasa kilichofungwa. Nilijaribu tena. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa nayo. Yule mnyama alitulia juu ya maji, akanitazama, nami nikamtazama kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Halafu akazama.

Alipokuwa juu angalau nilijua yuko wapi. Sasa kila jani lililonigusa tumbo lilikuwa yeye. Nilisali bila maneno. Nilijikojolea, na nashukuru ilikuwa majini. Nilihesabu pumzi zangu hadi nikapoteza hesabu, kisha nikasikia wavuvi wakiyapiga maji kwa makasia, boti ikanifikia, nikaishika ubavuni kwa mikono miwili.

"Mama, juu ya nini haukukimbia?" akaniuliza mwenye boti, macho yamemtoka.

Nilipaswa kusema kweli pale pale. Lakini wote walikuwa mchangani wakinitazama, na aibu ina haraka kuliko akili.

"Nilizania ni muti tu," nikamjibu, kana kwamba nimeona gogo linaloelea.

Kisha nikaweka beseni langu botini. Hakukuwa na beseni jingine. Nilichota samaki wazuri kuliko wa mtu yeyote asubuhi ile, nikatoka nimeshikilia boti mpaka goti lilipoachia, nikatembea kwenda kuanika kana kwamba nimetoka sokoni. Moyoni nilijiona shujaa kidogo. Mjinga hujisifu wenzake wanapokusanya kuni za kumchomea.

Siku iliyofuata, majini, hakuna aliyesimama karibu nami. Waliacha nafasi ya kutosha boti nzima. Nilipomsalimia mmoja alijibu huku anatazama matete. Siku ya pili mwenye boti alinipa samaki kabla sijaomba, akakataa kunitazama usoni. Nilidhani ni heshima.

Jioni ya siku hiyo jirani yangu alikuja. Yeye ni Mbemba, mwenyeji wa huku, mdogo kwangu kwa miaka kumi, ndiye niliyemfundisha kuanika. Mumewe ni mvuvi, na Kiswahili chetu cha biashara anakijua vizuri. Huwa anaingia na kuketi jikoni bila kubisha. Siku hiyo alisimama mlangoni.

"Yaya, usikasirike," akasema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Bamama banasema weye njo mwenye ile ng'wena. Banasema ilikuangalia, ikakujua, ikaenda."

"Nani anasema?"

"Bote."

"Na weye?"

Akavuta kitenge chake kifuani.

"Mi niko na batoto, yaya."

Kwa mtu wa mbali hii ni hadithi ya kuchekesha. Kwetu si kicheko. Kando ya ziwa hili wanaamini kwamba wapo watu wanaofuga mamba kwa uchawi na kuwatuma kwa maadui, na mwenye kutajwa hivyo ni mara chache awe kijana mwenye kaka wengi. Huwa ni kikongwe, au mjane, au mgeni. Mimi nilikuwa mjane na mgeni. Niliolewa huku zamani sana, kabla ya watu kuja kwa maboti wakikimbia vita na kupelekwa kambini Kenani, lakini nikigombana na mtu sokoni bado huniambia nirudi Kenani kwa wenzangu. Nimewahi kuona nyumba ya mtu aliyetajwa. Nimeona kuta zake zikiwa nyeusi na paa halipo. Niliwatazama wajukuu wangu wakila, nikaisukuma sahani yangu upande wao.

Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilikuwa kinakuja kwa mlango ambao sikuufikiria.

Alfajiri nilikwenda ufukweni, sikuingia majini. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama mkubwa kuliko sote, ambaye ndiye anayeamua ugomvi wa mabeseni. Nikaketi mchangani mbele yake, mbele ya wote, nikapandisha kitenge juu ya goti. Lilikuwa limevimba, limepinda kwa ndani. Sijawahi kujisikia uchi kiasi kile, hata nilipokuwa najifungua.

"Sina ng'wena," nikasema. "Niko na goti ya kufa. Ile siku ilifungwa mu mayi. Kama ningeweza kukimbia, ningewashinda ninyi bote."

"Na juu ya nini ulisema uliona muti?" akauliza.

"Nilikuwa na haya."

Wakanung'unika. Mmoja akasema goti kila mtu anaweza kusema linauma. Hapo nikauchukua mkono wa yule mama, nikauweka juu ya goti, nikaanza kulikunja na kulinyoosha. Nilihisi maumivu hadi kwenye nyonga lakini sikuacha. Ndani mifupa ilisagana, inakwaruza, na niliona usoni mwake kwamba anaisikia kwa kiganja. Uso wake ulibadilika. Akautoa mkono haraka, akaupangusa kwenye nguo.

"Awe, hapana," akawaambia. "Huyu haiko mulozi. Ni mugonjwa."

Nafikiri nililia. Nakumbuka chumvi mdomoni. Mtu hutarajia kufurahi akiponyoka, lakini neno lile mugonjwa lilinipiga kifuani, kwa sababu lilitamkwa mbele ya watu na halingeweza kurudishwa.

Kisha likaja swali nililolikimbia miaka miwili: mtu asiyeweza kuingia majini ananunuaje? Wengine walisema sheria ni sheria. Jirani yangu, labda kwa kuona haya kwa lile la mlangoni, akasema yeye atabeba mabeseni mawili, lake na langu. Wakapiga kelele kwamba beseni lazima lifuatane na mwenyewe. Walibishana mpaka boti ikaonekana. Yule mama mkubwa akanishika mkono, akaniinua, akanipeleka ukingoni mpaka wimbi likanifunika vidole.

"Mayi imefika ku miguu yake," akasema. "Iko mu mayi. Beseni yake iende."

Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo. Nasimama maji yakinifika kwenye kifundo cha mguu, na jirani yangu anaingia na mabeseni mawili. Naanika nikiwa nimeketi juu ya kreti la soda, jambo linalowachekesha watoto. Mkeka mmoja kwa asubuhi, wakati mwingine nusu. Nyama imekuwa ya sikukuu. Vidonge nakula vikiwepo. Chooni nimewekewa kiti kilichotobolewa katikati, na ninamwombea heri fundi aliyekitengeneza. Hofu haijaondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wao wanaona mwanamke aliyepata kukaa chini, mimi naona kila asubuhi kwamba riziki yangu inatembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita tulikuwa tunageuza samaki, mimi na jirani yangu. Alikuwa amechuchumaa. Alipotaka kuinuka alisita, akaweka mkono mmoja mchangani, wa pili juu ya goti lake, akajisukuma. Akiwa amesimama akageuka haraka kuona nani amemwona. Niliijua ile namna ya kugeuka. Nikainamisha uso, nikajifanya naokota kokoto.

Baadaye akaniuliza, sauti ya chini, "Yaya, ya kwako ilianza namna gani?"

Nilipaswa kumwambia yote. Nilipaswa kumwambia aende kliniki sasa, aketi akianika, aache kubeba mabeseni mawili, apumzike. Daktari aliniambia mwenyewe kwamba ningekuja mapema ningeweza kulitunza. Nilimpenda yule mwanamke kama mdogo wangu wa tumbo moja, na bado kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Niliona beseni langu likiwa mchangani na boti ikiondoka.

"Ni baridi tu, mudogo yangu," nikamwambia. "Itapita."

Boti ilikuwa inakuja. Nikampa mabeseni yote mawili.