Msingi wa Bure

Nyumba yetu ya kwanza ilijengwa mwaka tulioambiwa tuhame mashambani tukakae pamoja kijijini. Kila mtu alikuwa anajenga, kila mtu anagombania miti na nyasi, na mume wangu alichimba msingi wa kina cha jembe, akapanga tofali mbichi juu yake, akasema tutauimarisha baadaye. Upande mmoja wa nyumba ulikaa kwenye kokoto. Upande wa pili, penye chumba cha watoto, ulikaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikikaza.

Ufa ulianza kama uzi. Mwaka uliofuata niliweza kuingiza kidole, na baada ya miaka michache nilikuwa nikikaa kitandani kwa watoto nawaona kuku wa jirani. Ukuta wenyewe ulikuwa umeanza kuegemea ndani, penye kona. Nilimwambia mume wangu kwamba mvua za mwaka huo zikianza kabla kona ile haijashikwa, itawaangukia watoto. Alikubali kabisa. Mume wangu alikuwa mtu wa kukubali, na ukimwona anakubali haraka hivyo ujue hana mpango wowote.

Kwa haki yake, alileta fundi kutoka Kahama. Fundi aliigonga kona kwa ngumi, akainama, akanusa, akataja saruji, nondo na malipo yake. Saruji siku hizo ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye ndugu mjini. Mume wangu alimpa fundi maji ya kunywa akamsindikiza kwa heshima mpaka njia panda. Alikuwa karani wa kupima pamba, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba bei ya kwanza ya kitu chochote ni ya wajinga.

Msimu wa pamba ulipokwisha wakaja wachimbaji wawili wa dhahabu waliokuwa wamepanga chumba mwisho wa kijiji. Duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo lao, lilikuwa limejaa maji, wakakaa bila kazi. Walisema watachimba kuizunguka kona yetu mpaka wafike ardhi ngumu, kisha watashindilia mawe na udongo wa kichuguu. Malipo hawataki. Wanachotaka ni ule udongo watakaoutoa, wakauoshe mtoni.

Sijapata kumwona mume wangu akifurahi namna ile, hata siku ya harusi yetu. Watu wazima na akili zao wanakuja kukufanyia kazi na ujira wao ni uchafu! Alikwenda kuwasimulia wenzake wote. Mimi nilifurahi pia, siwezi kukataa, nikawapikia wachimbaji wale ugali na mlenda kila mchana.

Walichimba vizuri. Waliegemeza ukuta kwa magogo, wakabeba udongo kwenye magunia, wakaenda nao mtoni na karai lao. Kisha alasiri moja mume wangu akawafuata, eti kunyoosha miguu. Alirudi mbio. Alikuwa ameona kitu kinang'aa chini ya karai, kidogo kuliko chembe ya uwele. Kesho yake aliwaambia wachimbaji kwamba kazi imesimama. Hakuwaambia sababu, nao hawakuuliza.

Kuanzia hapo karani wa pamba akawa mchimbaji. Asubuhi anavua shati, anaingia shimoni na kaptula yake ya kaki, na kinachoonekana ni udongo tu unaoruka juu. Aliimaliza kona, akaingia chini ya kona. Nilimuuliza mawe yatawekwa lini, akanijibu kwamba akishaufikia mwamba. Huyu ni mtu ambaye mwamba wa dhahabu hakuwahi kuuona maishani mwake, na ungepita mbele yake asingeujua. Niliwahamishia watoto jikoni, wakalala kati ya kuni na vyungu na kuamka na masizi usoni. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa naona wazi kwamba mwanamume huyu anachimba chini ya watoto wake mwenyewe.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini mwenyekiti naye alikuwa ameanza kuja jioni kuchungulia shimo, na macho yake sikuyapenda. Basi nikampa ujumbe mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anarudi Nkome, kwetu ziwani, ampelekee mama yangu kwamba namhitaji.

Kwetu Wasukuma mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani anakata porini. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na mkwe kukuona kifua wazi ni aibu ambayo huiondoi bila mbuzi. Mume wangu, pamoja na ubahili wake wote, katika jambo hili alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi.

Mama alifika asubuhi, na kapu la dagaa kichwani. Nilimweleza yote jikoni kwa sauti ya chini. Alichukua kigoda na ungo, akatoka, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, pembeni kabisa mwa shimo, akaanza kuchambua dagaa. Udongo uliokuwa ukiruka ukakoma hapo hapo.

Akakaa. Jua likapanda, kivuli kikasogea, naye akasogea nacho, daima upande wa shimo. Ndani ya shimo kukawa kimya, kisha kikohozi kidogo cha adabu. Mama hakusikia. Binti yetu mdogo alipita, akaitwa kwa mnong'ono, akaja kuniambia baba anataka shati. Nikamwambia shati limefuliwa, halijakauka. Hiyo ilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimetoka kulichovya kwenye beseni.

Mchana ulipokuwa umekolea hasa, mama aliwageukia kuku waliokuwa wanamvizia dagaa. Alisema nao Kisukuma, polepole, kama mtu anayetoa maagizo.

"Kuku, mwambieni mwenye nyumba. Mimi nilizaa watano, nikazika wanne. Huyu mmoja nilimwoza akae juu ya ardhi na wanawe. Kama mnataka kumweka chini, mngeniambia nije na sanda."

Kisha akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango ili mkwe wake apate kutoka. Mimi nilikuwa nacheka toka asubuhi. Pale kicheko kiliniishia, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mume wangu hakula siku ile. Kesho yake kabla jua halijachomoza vizuri alikwenda kuwatafuta wachimbaji. Walikuja wakacheka sana, wakamweleza kwamba karai lile lilitoka kwenye duara lao la zamani na hawakuwa wamelisugua, chembe ile ilikuwa ya huko. Huenda ni kweli, huenda walimwonea huruma. Ila sasa udongo wetu hawakuutaka tena, na shimo lilikuwa limekwenda chini mara mbili ya walivyokubaliana, kwa hiyo likahitaji mawe mara mbili na gari la ng'ombe la kuyabebea kutoka mlimani. Mume wangu alilipa kwa baiskeli yake, na kona ikashindiliwa. Alikuwa akiifuta baiskeli ile kila jioni kwa kitambaa ambacho watoto hawakuruhusiwa kukigusa. Akatoa na mbuzi wa kumwondolea mama ile aibu, beberu mkubwa, wala hakujaribu kutafuta mdogo.

Mama alikuwa analala kwa jirani. Alikataa kuondoka mpaka mvua inyeshe. Na watoto pia aliwakataza kurudi chumbani, akasema ukuta uliokwisha inama mara moja si wa kuaminiwa kwa maneno.

Mvua ilikuja mchana, kubwa, ya mawe. Nilitoka jikoni na gunia kichwani kumtafuta mama, nikamkuta amesimama chini ya upenu, mgongo ameuegemeza kwenye ile kona, maji yanamrukia miguuni. Nikakimbilia ndani kumwita mume wangu amletee kitu cha kujifunika kupitia kwangu. Naye nikamkuta chumbani kwa watoto, amekaa chini sakafuni, mgongo wake kwenye kona ile ile kwa ndani, mikono ameibandika ukutani.

Hakuna aliyejua kwamba mwenzake yupo, mpaka mume wangu alipopiga chafya. Mama akasema kwa sauti kutoka nje, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioze:

"Baba, unausikiaje?"

Mume wangu alinitazama kama anayeomba ruhusa.

"Umetulia, mayu," akasema, yaani mama. "Hausogei."

"Hata huku hausogei," mama akajibu.

Wakaendelea kukaa hivyo, huyu ndani na yule nje, mpaka mvua ikapungua. Ndipo nikawaita watoto warudishe mikeka yao.