Biblia Iliyonuka Samaki

Biblia ya mama ilinuka samaki. Kila siku ya soko aliibeba hadi Katito ndani ya kikapu cha samaki wakavu, na wateja walipopungua aliifungua akasoma, kidole kikiacha mafuta ukurasani. Nilikuwa na miaka tisa, nami niliona haya kuketi naye kanisani, maana waliokuwa karibu nasi walisikia harufu kabla ya kusikia neno. Kuuliza si ujinga, alipenda kusema, naye aliuliza kupita kiasi: nani anasema hapa, anamwambia nani, na juu ya mstari huu pana nini? Aya, alidai, ni kama samaki. Ukionyeshwa mkia tu, ujue kichwa kimeoza.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni baba alifariki, na mwaka uliofuata baba mdogo alikuja kumrithi mama, kama desturi yetu Wajaluo ilivyotaka. Mama alikataa. Ndipo baba mdogo akamleta mchungaji, mgeni kutoka kwa Waluhya, na kwa ajili yake tukazungumza Kiswahili. Niliogopa sana. Mama akishindwa, mtu aliyewapiga wake zake wawili angekuwa bwana wa nyumba yetu.

"Mama Atieno, hii si maneno yangu," baba mdogo alisema, akigonga Biblia yake mpya. "Ni ya Musa. Ndugu akikufa, ndugu yake anachukua bibi."

"Anza juu, Shemeji."

"Juu wapi?"

Mama alifungua yake, harufu ikajaa chumba, akamkabidhi mchungaji. Mchungaji alisoma polepole hadi pale sheria inapomtaja marehemu asiyeacha mtoto wa kiume. Sote tulimtazama mdogo wangu Ochieng', aliyelala mgongoni kwa mama.

"Bwana, hapa Musa hakusaidii," mchungaji alisema. Baba mdogo alichukua kofia yake akaenda zake.

Leo nafundisha kufasiri Maandiko katika chuo cha wachungaji mjini Kisumu. Wanafunzi wangu wanajua majina marefu ya mbinu za kuchunguza muktadha, mwandishi na zama zake, nami naziheshimu. Lakini swali moja lilinisumbua miaka mingi, hadi siku moja nikamuuliza mama jikoni: je, kama tungekuwa wasichana tu?

Alikoroga chai. "Ningeendelea kusoma," alisema, "mpaka nipate mlango wa kutokea."

Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani, namkata alama. Mama nilimsogezea sukari.